Intaneti ya kufanyia kazi ndani ya gari, Tabora hadi Kigoma

Wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa ndani ya gari huku magharibi mwa Tanzania si wengi, lakini wapo: wakaguzi wa miradi ya maji, watafiti wa misitu na nyuki, wahasibu wanaozungukia vyama vya ushirika vya tumbaku, na vijana wanaoandika programu kwa kampuni za Ulaya huku wakilala kwenye Hiace iliyong'olewa viti. Swali lao huwa moja: ninunue nini ili mtandao usikate? Jibu langu huwaudhi kidogo. Ukishakuwa na vifaa vya kawaida, mahali unapoegesha gari pana uzito kuliko kifaa chochote utakachoongeza. Ruta ya bei mbaya iliyoko bondeni inashindwa na simu ya laki mbili iliyoko juu ya mgongo wa kilima unaotazamana na mnara. Kwa hiyo naanza na kuegesha, halafu antena, laini na umeme.

Kuegesha

Tabora ni tambarare. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka kwenda Urambo, Kaliua au Sikonge hakuna mlima wa maana wa kukukinga na mnara. Kinachokinga ni miombo. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya redio, hasa masafa ya juu kama 1800 MHz. Ndiyo maana sehemu iliyokupa mtandao safi mwezi wa nane, miti ikiwa imepukutisha, inaweza kukugomea Januari. Mlingoti wa antena wa mita 5 hauvuki kilele cha mninga, kwa hiyo huko usihangaike na urefu, hangaika na uwazi: pembeni mwa shamba la tumbaku lililokwisha kuvunwa, uwanja wa mpira, au ukingo wa mbuga (bonde tambarare la udongo mweusi), ili upande wa mnara uwe na mita 200 au 300 zisizo na miti. Nasema ukingo wa mbuga, si ndani yake. Ule udongo mweusi ukilowa, hata Land Cruiser inakaa hapo hadi ng'ombe waje kuivuta. Na pale mjini, kivuli cha mwembe ni kitamu, lakini mwembe haupukutishi na majani yake yameshonana. Ukiegesha chini yake umeweka ukuta kati yako na mnara, na sola yako nayo imelala.

Kigoma ni kinyume. Ziwa liko kwenye mita 773 hivi, na nchi inapanda ghafla kutoka ufukweni. Ukiegesha chini kabisa karibu na maji kwa ajili ya upepo na mandhari, huenda kilima kimeshaingia kati yako na mnara. Ukipanda barabara mita mia moja mambo yanabadilika. Kuelekea Kasulu, Heru Juu na Manyovu nchi ni migongo na mabonde, na kanuni yake ni nyepesi: mgongoni unafanya kazi, bondeni unalala. Katika barabara ya Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza hadi Kigoma, mtandao unafuata miji na vijiji vikubwa, katikati unapwaya. Mikutano ipange ukiwa umesimama mjini, si porini unapokaribia daraja la Malagarasi. Njia ya msitu kati ya Sikonge na Mpanda usiipangie mkutano wowote.

Jambo moja la kutia moyo: Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) na kampuni za simu walisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Maana yake ni kwamba uliyoambiwa na mtu aliyepita miaka mitatu iliyopita yameshapitwa. Pima upya kila unapofika.

Namna ya kupima

Vistari vya mtandao kwenye simu havina maana. Kila mtengenezaji wa simu huvichora anavyotaka. Angalia namba mbili: RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia, na SINR, yaani usafi wake ukilinganisha na kelele. Kwenye Android nyingi bonyeza *#*#4636#*#*, kwenye iPhone *3001#12345#* kisha piga. Ruta nyingi huonyesha namba hizi kwenye ukurasa wake wa mipangilio, sehemu ya hali ya mtandao au taarifa za kifaa.

RSRP ya -80 au bora zaidi, yaani inayokaribia sifuri, ni nzuri sana. Kati ya -80 na -95 utafanya kazi yoyote. Kati ya -95 na -105 unahitaji antena ya nje. Chini ya -110 usipoteze muda, washa gari usogee. SINR ikizidi 13 uko vizuri, ikizidi 20 uko peponi, ikishuka chini ya 0 mkutano wa video hauendi hata kama RSRP inapendeza. Ukilazimika kuchagua kati ya mahali penye RSRP -85 na SINR 2, na pengine penye -98 na SINR 15, chagua hapo pa pili bila kusita. Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu namba ya kwanza inaonekana kubwa.

Zima injini, shuka, shika simu nje ya gari. Bodi la bati linakula sehemu kubwa ya mawimbi, na vioo vyenye filamu ya metali ni vibaya zaidi, kwa hiyo kipimo cha ndani kinakudanganya. Soma namba mara tatu, dakika moja moja ikipita, kwa kila laini uliyonayo. Sogea hatua 20 au 30 upime tena. Kisha kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt uandike ping -n 100 1.1.1.1 na uache iende. Unatafuta upotevu usiozidi asilimia 1 na majibu yasiyoruka kutoka milisekunde 60 hadi 900. Programu za kupima kasi zitumie kwa kiasi, maana kipimo kimoja kwenye 4G yenye kasi kinaweza kumeza zaidi ya MB 100 za bando. Na ukiangalia matokeo, tazama kasi ya kupandisha. Kushusha Mbps 20 na kupandisha Mbps 0.4 ni mtandao wa kutazama filamu, si wa kufanyia kazi: simu ya video ya watu wawili inataka karibu Mbps 0.6 kila upande, na picha safi ya 720p inataka 1.2.

Pima pia jioni kabla hujaamua kulala hapo siku tatu. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 4 kila mtu yuko kwenye simu yake na mnara unaelemewa. Mwenye uhuru wa kuchagua afanye kazi nzito kuanzia saa 11 alfajiri. Mwenye mteja London hana uhuru huo, kwa sababu asubuhi ya huko ni saa 5 au 6 za mchana kwetu, kutegemea majira yao.

Antena

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Antena za gari ziko za aina mbili. Ya duara, inayosikia pande zote, inafungwa juu ya paa na inafaa gari likitembea. Ya kuelekezwa, ile yenye vijiti vinavyopungua urefu kama mfupa wa samaki, inafaa gari likisimama. Kwa kazi ya kukaa siku mbili tatu mahali pamoja, nunua ya kuelekezwa inayofunika 700 hadi 2700 MHz. Nguvu yake halisi huwa kati ya dBi 9 na 11 (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyokuza mawimbi). Ukiona tangazo la antena ndogo ya dBi 35, pita tu.

Unahitaji mbili, si moja. 4G hutumia njia mbili za mawimbi kwa pamoja, na ruta ina matundu mawili kwa sababu hiyo. Zifunge kwenye mlingoti mmoja, moja imelalia kushoto nyuzi 45 na nyingine kulia nyuzi 45, zikitengana angalau sentimita 40, zote zikitazama mnara. Ipo pia paneli bapa yenye antena zote mbili ndani ya boksi moja. Ni rahisi kufunga na haisumbui kwenye upepo.

Waya ndio unaoua watu. RG58, waya mweusi mwembamba utakaopewa dukani ukiomba waya wa antena, hupoteza karibu desibeli 0.8 kwa kila mita kwenye 1800 MHz. Mita 10 zake ni desibeli 8. Antena yako ya dBi 9 imebaki na moja, na umelipia mlingoti, waya na fundi ili upate kile ambacho simu ilikuwa inakupa bure. LMR-240 hupoteza kama 0.36 kwa mita, na LMR-400 kama 0.2, ila ni nene na haikunjiki kirahisi kupita mlangoni. Kwa gari, LMR-240 ya mita 3 hadi 5, nyaya mbili za urefu sawa, inatosha. Kama antena ni lazima ipande juu zaidi, usirefushe waya wa antena: peleka ruta yenyewe juu ndani ya boksi lisilopitisha maji, ushushe waya wa mtandao na wa umeme. Waya wa mtandao hausumbuki hata ukiwa na mita 30.

Konekta nazo zina mtego. Matundu ya 4G kwenye ruta ni SMA, ya waifai ni RP-SMA, na kwa macho zinafanana. Zinafungana vizuri tu, lakini katikati hakuna sindano inayogusa, na hapo utalaumu mnara bure. Chungulia: tundu la SMA la kwenye ruta lina kitundu katikati, kichwa cha waya kina sindano. Kaza kwa vidole, kisha robo ya mzunguko kwa spana namba 8. Barabara za vumbi zenye makorongo hulegeza konekta, kwa hiyo ukifika kituo kipya ziguse kabla hujapima. Sehemu zilizo nje zifunge kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na uache waya uning'inie kidogo chini ya tundu la kuingilia ili maji ya mvua yadondokee nje.

Kuelekeza antena kunahitaji subira. Geuza nyuzi 15 au 20, subiri nusu dakika, soma SINR, andika. Zunguka yote. Usiridhike na mnara unaouona kwa macho. Mara nyingine huo ni wa kampuni nyingine, au una 2G tupu. Kama ruta yako ni aina inayokuuliza antena ya ndani au ya nje, chagua ya nje kwa mkono. Ile ya otomatiki hupenda kubaki ndani, na mtu anahangaika mchana kutwa kugeuza antena ambayo ruta haiisikilizi.

Radi isichukuliwe kimzaha. Ukanda huu unaopakana na mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na msimu wake ni ule ule wa mvua, Novemba hadi Aprili. Wingu likianza kunguruma, shusha mlingoti na uchomoe nyaya kwenye ruta. Kuchomoa ruta kwenye umeme tu hakutoshi, maana njia ya radi ni waya wa antena.

Laini na ruta

Laini mbili za kampuni mbili tofauti ndio msingi. Laini mbili za kampuni moja ni kujidanganya, zinaanguka pamoja. Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo), Halotel na TTCL zote zina wateja huku, lakini ipi ina nguvu wapi hubadilika kutoka kata moja hadi nyingine. Ukiingia kijiji usichokijua, muulize wakala wa pesa wa pale sokoni ni laini gani haimsumbui. Yeye anakula kwa mtandao, jibu lake ni bora kuliko ramani ya kampuni. Usajili unataka namba ya NIDA na alama za vidole, na ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa jina lako piga *106#.

Kabla ya kununua ruta, angalia masafa. Unahitaji 700 (Band 28), 800 (Band 20) na 1800 (Band 3). Masafa ya chini ndiyo yanayofika mbali vijijini. Ya juu yana kasi ukiwa karibu. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi haina Band 20 wala 28, na huko Usinge itabaki pambo. Angalia pia kama haijafungiwa laini ya kampuni moja, na uhakikishe IMEI ni halali: kwa simu ni *#06# kisha tuma namba hiyo kwenda 15090, kwa ruta imeandikwa kwenye kibandiko chini yake.

Ruta yenye matundu mawili ya laini inauzwa kama suluhisho la kila kitu. Soma vizuri. Nyingi zina modemu (kifaa kinachozungumza na mnara) moja tu ndani, kwa hiyo laini moja inafanya kazi na nyingine inasubiri. Ya kwanza ikikata, ruta huchukua nusu dakika hadi dakika nzima kuhamia ya pili, na mkutano umeshakutupa nje. Zote mbili kuwa hai kwa wakati mmoja kunataka modemu mbili. Njia nafuu ni kuweka laini ya kwanza ndani ya ruta, na ya pili kwenye simu ya zamani ya 4G iliyounganishwa na ruta kwa waya wa USB. Ruta zinazotumia OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta), GL.iNet zikiwemo, na MikroTik pia, hukubali mpango huo. Kwenye OpenWrt sakinisha mwan3, programu ya kuhamisha laini, iambie ipigie 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kila sekunde 5, na ihesabu laini imekufa baada ya majibu matatu kukosekana. Usiweke jibu moja, utaruka huku na huku siku nzima.

Kuhama si sawa na kuunganisha. Kwenye kuhama, mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea hukatika na kuanza upya. Kuunganisha laini mbili ziwe moja, bila mkutano kushtuka, kunataka programu kama Speedify, ambayo hupitisha kila kitu kwenye VPN, yaani njia ya faragha ndani ya mtandao. Hapo sheria inaingia: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitangaza kuwa wanaotumia VPN watoe taarifa na kuisajili kwake. VPN ya mwajiri nayo ni VPN. Maliza usajili ukiwa bado una mtandao mzuri.

Tatizo moja linaloonekana dogo: simu inayogawa hotspoti ikipigiwa. Kama laini au simu haina VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha sauti kwenye 4G, simu ikiita kifaa kinashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili kupokea sauti, na data inasimama. Mama mkwe anasalimia, wewe unatoweka kwenye mkutano. Dawa ni kuelekeza simu za laini hiyo kwenye namba nyingine, au kutumia laini ya data ambayo hakuna anayeijua.

Bando: soma masharti kama linaruhusu hotspoti na linaisha lini. Mkutano wa video wa kikundi hula GB 1 hadi 1.4 kwa saa, wa sauti tupu haufiki hata MB 100. Kinachomaliza bando kimya kimya ni Windows ikijisasisha na hifadhi ya wingu ikipandisha picha. Weka mtandao wa ruta kuwa wa kupimwa (metered) kwenye kila kompyuta, na masasisho yafanye ukiwa gesti yenye waifai. Ruta ikiwa na uwezo wa kudaka waifai ya nje na kuigawa ndani, hiyo inakuwa njia yako ya tatu. Lakini omba, usijiingize kwa sababu tu mhudumu alikupa nenosiri jana. "Shikamoo mzee, naomba kuegesha hapa siku mbili, nitalipia maegesho na intaneti" hufungua mageti mengi kuliko antena. Na ukiwa kijijini, mwenyekiti wa kitongoji ajue upo kabla mlingoti haujasimama. Gari geni lenye antena ndefu huzaa maneno haraka.

Umeme

Ruta nyingi zinaandikwa volti 12, na mtu anaziunga moja kwa moja kwenye betri. Gari likiwaka, jenereta inatoa 13.8 hadi 14.6. Ruta nyingine huvumilia, nyingine huanza kujizima zenyewe baada ya wiki chache. Weka kirekebisha volti cha DC kwenda DC kinachotoa 12 kamili, ampea 3. Ruta za viwandani kama Teltonika RUTX11 hupokea volti 9 hadi 50, hazihitaji hilo.

Laptopu ichajiwe kwa chaja ya USB-C ya gari ya wati 65 au 100, si kwa inveta. Inveta inapoteza kati ya asilimia 10 na 15, na ikiwashwa bila kazi bado inakula. Chaja ya wati 100 huvuta karibu ampea 9 kwenye volti 12, kwa hiyo waya wa 2.5 mm² na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri. Ukiweka ule waya mwembamba wa 0.75, kwa mita 3 unapoteza zaidi ya volti 1. Chaja inaona betri imeisha na kujizima huku betri imejaa. Tundu la kiberiti nalo liepuke kwa kazi ya kudumu: kwa kawaida lina kikomo cha ampea 10, linazimika ukitoa ufunguo kwenye magari mengi, na mtikisiko wa barabara unalilegeza.

Hesabu ya siku moja kwa mtu mmoja: laptopu wati 30 kwa saa 8 ni Wh (wati-saa) 240, ruta wati 10 kwa saa 10 ni 100, simu 30, feni wati 15 kwa saa 6 ni 90. Jumla Wh 460. Feni si anasa. Ukiegesha karibu na Ugalla au misitu ya Sikonge, ndorobo hawakuruhusu kufungua dirisha, na Septemba na Oktoba Tabora haina utani. Betri ya lithiamu (LiFePO4) ya 100Ah ina Wh 1,280, tumia 1,000, yaani siku mbili bila jua. Ya asidi ya ukubwa huo isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo inakupa 600 tu na kesho yake unaomba mvua isinyeshe. Sola ya wati 200 yenye kidhibiti cha chaji cha MPPT cha ampea 20, kwa saa 5 za jua kamili na upotevu wa asilimia 30, inarudisha Wh 700. Masika ihesabu kwa nusu, na uongeze chaja ya DC kwenda DC ya ampea 20 hadi 30 ili gari likitembea lijaze pengo. Betri ya kuwashia gari iache ifanye kazi yake.

Joto huua vifaa kabla ya umeme. Betri nyingi za LiFePO4 hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na gari lililofungwa juani hupita hapo mapema. Betri ikae sakafuni upande wa kivuli, ruta isimame wima yenye nafasi ya hewa, kamwe isiwe juu ya dashibodi. Sola ya kubebeka yenye waya wa mita 5 hadi 10 inamaliza ugomvi wa jua na kivuli: gari kivulini, paneli juani, antena upande wenye uwazi.

TANESCO ikikatika kijijini nawe una sola, usishangilie. Mnara nao unaishi kwa betri zake, na zikiisha kabla umeme haujarudi mtandao unakufa ghafla. Kazi ya kutuma itume saa ile ile umeme unapokatika.

Mtandao unapodhoofika

Uwe na mpangilio wa kushuka. Kwanza zima kamera yako. Kisha zima video zinazoingia, maana ndizo zinazokula zaidi. Kisha hamia sauti ya WhatsApp na mtu mmoja aliye ndani ya mkutano, akuwekee spika. Mwisho kabisa simu ya kawaida, ambayo 2G inaimudu. Mpe mwenzako namba yako mapema, kabla hujaihitaji.

Vifaa vya kukuza mtandao, vile vinavyopokea na kurusha upya, viache. Vinatakiwa viwe na idhini ya TCRA, na vikifungwa vibaya vinaharibia mnara mzima pamoja na wewe mwenyewe. Dishi la setilaiti vivyo hivyo: kabla ya kulinunua nchi jirani na kulivusha, hakikisha huduma hiyo ina leseni hapa.

Mpakani

Ukifika Manyovu, Mabamba au Kagunga, simu hudaka minara ya Burundi, na ukiwa sehemu ya juu ya mwambao inaweza kudaka hata ya Kongo. Data ikiwa imeruhusiwa kuzurura (roaming), salio linaondoka kabla hujagundua. Zima kuzurura kwa data kwenye simu na kwenye ruta, halafu chagua mtandao kwa mkono badala ya otomatiki. Ruta ikijikuta haina mnara wa nyumbani itakaa kimya, na hiyo ni nafuu kuliko bili.

Cha pili ni saa. Burundi na mashariki ya Kongo wako GMT+2, sisi GMT+3. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo na saa ikiwa ya otomatiki, inarudi nyuma saa nzima, na kalenda inasogea nayo. Unaamka ukidhani ni saa 2 asubuhi kumbe ni saa 3 na wenzako wanakusubiri. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima otomatiki zote mbili, ya saa na ya ukanda, uchague Dar es Salaam au Nairobi kwa mkono. Fanya hivyo pia kwenye kompyuta kama inachukua ukanda wake kutokana na mahali ulipo.